Mshahara wa Karani

6 Februari

Kwako mpwa wangu, mwalimu wa mbwa,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Umekaa? Haya. Mama yako ni mzima, anakula, anagomba, na jana amenitoa jikoni kwa mwiko. Sasa naweza kukueleza.

Juzi sukari yake ilishuka. Alikuwa amejidunga sindano yake ya asubuhi, halafu akasahau kula kwa ajili ya gauni la mteja. Unamjua dada yangu. Akiwa kwenye cherehani hata nyumba ikishika moto ataomba amalizie pindo. Mimi nilikuwa karakana, ng'ambo ya barabara, nakata vyuma, na kelele ya mashine yangu unaijua, hata radi ikipiga inabidi isubiri zamu. Kilichonivusha barabara ni kiu tu. Naingia kuomba maji, namkuta sakafuni kando ya cherehani, jasho limemlowesha, macho wazi lakini hayaoni mtu. Nikakoroga maji ya sukari, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka akazinduka. Neno lake la kwanza: "Mbona umeingia na viatu?"

Daktari amesema safari nyingine huenda mimi nisishikwe na kiu. Asipopata sukari mapema ndiyo basi. Ametaka awepo mtu wa kumwangalia.

Najua wewe ni mtoto wake wa pekee, na najua unavyowaza sasa hivi. Usiache kazi. Mimi nipo. Mimi niliyechomelea daraja huku maji yananifika kiunoni na samaki wanakuja kuota moto wa mashine yangu, nitashindwa na dada mmoja?

Ila kuna huyu mbwa wako Karani. Bado anakaa pale mlangoni, na manyoya yake ya kaki, anamkagua kila anayeingia kana kwamba atamwandikia ripoti. Siku ile nilimkuta amelala kando ya mama yako, anamlamba mkono. Nikajiuliza, huyu bwana ana miguu minne na hana ajira, kwa nini asije kuniita? Ninyi huko kituoni mnawafundisha mbwa kuwaongoza wasioona. Basi niandikie inavyofanywa. Usinitungie kitabu, mimi darasa la sita lilinitosha, mengine nilifundishwa na moto. Mimi ningemcharaza fimbo mbili akaelewa somo, lakini mama yako amesema nikimgusa Karani nitafute pa kula.

Na uandike kwa barua. Huko kwenu simu inashika siku ikijisikia.

Mjomba wako,
Fundi Moto


15 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imekuja na gari la chakula cha mbwa, nikaisomea ndani ya banda ili wenzangu wasinione. Asante kwa ile kiu.

Nimemwendea mkuu wa kituo. Anasema nikiondoka kabla ya mtihani wa mwisho, nafasi yangu anapewa mwingine. Nimemwambia sawa, apewe. Kwa hiyo Mjomba, ukiniambia nije, nakuja siku hiyohiyo. Naomba uniambie ukweli tu.

Kuhusu Karani, wazo lako ni zuri na linawezekana. Fimbo sahau kabisa. Mbwa aliyepigwa anajifunza kumkwepa aliyempiga, na sisi tunataka akukimbilie.

Chemsha maini, katakata vipande vidogo kama harage, uwe navyo mfukoni. Mama alale sakafuni kwa makusudi, wewe simama karibu. Karani atashangaa, atanusa, atazunguka. Mara tu akikugusa nguo, hata kwa bahati, sema "Safi!" na umpe kipande papo hapo. Lile neno ndilo linalomwambia ni kitendo gani kimelipwa, ukichelewa atadhani unamlipa kwa kujikuna. Akishaelewa, subiri mpaka avute nguo, ndipo ulipe. Baadaye simama mlangoni, halafu barazani, halafu ng'ambo ya barabara, na mwisho karakana mashine ikinguruma. Asipoweza, rudi nyuma hatua moja bila kumgombeza.

Na kila akikuvuta, nenda naye mpaka kwa Mama. Kila mara, hata kama unajua ni mazoezi. Kisha umlipe palepale kwa mkono wako.

Mwambie Mama ale kwanza, gauni halina njaa.

Mpwa wako


12 Machi

Kwako mpwa wangu,

Shika kofia yako. Mbwa amehitimu!

Mwanzo ulikuwa mgumu, sikufichi. Siku ya kwanza Karani alikula maini yote kwa kuniangalia tu machoni, nikaona huyu ndiye anayenifundisha mimi. Siku ya pili dada yangu amelala sakafuni, mto chini ya kichwa, mbwa naye akaja akalala kwenye mto. Mama yako akasema, "Nimezaa, nimezika mume, sasa nimalizie maisha kwa kujilaza mbele ya mbwa." Nikamwambia, "Dada, maiti haiongei." Akanirushia kiatu, Karani akakifuata, nikasahau nikasema "Safi!" Basi siku nzima akawa analeta viatu.

Lakini uliyoyaandika nimeyashika neno kwa neno. Akinigusa tu, "Safi!" na ini. Akivuta, "Safi!" na ini. Limenikaa mdomoni mpaka juzi mteja kanilipa, nikamwambia "Safi!" nikaingiza mkono mfukoni nimtolee kipande.

Wiki hii ndiyo kavuka barabara. Mama yako alijilaza jikoni, mimi nikawasha mashine, cheche zinaruka kama harusi ya shetani. Nikamwona Karani huyo anakuja, masikio yamelala, tumbo linaburuza chini kwa woga wa zile cheche, lakini anakuja. Akaniuma suruali pajani, akavuta. Mpwa wangu, mimi si mtu wa machozi, ila moshi ule ulikuwa mkali.

Ninyi huko husema miezi mitatu, mimi sikufikisha hata mmoja. Mwambie huyo mkuu wako wa kituo kama anahitaji msaidizi, nina nafasi siku za Jumapili.

Usije. Fanya mtihani wako.

Mjomba wako,
Fundi Moto, mkufunzi


21 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Imetokea kweli, na tumeshinda.

Jumanne nilikuwa nachomelea dirisha la zahanati. Nasikia suruali inavutwa. Nikadhani ni mazoezi, lakini mama yako alikuwa hajaniambia kitu. Nikatupa kila kitu, nikavuka barabara hata gari sikuangalia, dereva mmoja alinitusi tusi ambalo sijawahi kulisikia, na mimi nimefanya kazi bandarini. Namkuta dada yangu ameegemea mlango wa stoo, midomo inamcheza, anaongea na baba yetu aliyekufa zamani. Maji ya sukari, kijiko kwa kijiko. Daktari mwenyewe kasema robo saa zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Sasa sikia. Habari imeenea mtaa mzima. Watu wanakuja karakana kumwona mbwa. Wanakuja na vyuma vyao vya kuchomelea pia, kwa hiyo kazi haipungui. Nawasimulia, na wakitaka kuona kwa macho namwomba mama yako ajilaze kidogo, Karani anakuja ananivuta, watu wanapiga makofi. Nimemuongezea na mengine mawili matatu, kusalimia kwa mguu, kukaa nikiinua kidole, kuzunguka. Mwalimu mzuri hamkomeshi mwanafunzi njiani.

Na mpango wa malipo nimeuboresha. Kutembea na maini mfukoni kumenikosesha heshima, paka wa mtaa mzima wananifuata. Nimeongea na bwana wa bucha pale kona. Karani akishamaliza kazi, namwambia, "Nenda kachukue mshahara wako." Anakwenda mwenyewe buchani, anamvuta yule bwana aproni, anapewa mfupa. Kama mtumishi wa serikali! Kazi ofisini, mshahara dirishani. Hilo ninyi huko kituoni hamjalifikia, nakuruhusu ulitumie.

Mjomba wako,
Fundi Moto, mkufunzi mkuu


3 Mei

Mwanangu mpenzi,

Naandika haraka, kuna sare za shule zinanisubiri. Mimi mzima. Zile dawa ulizotuma nimezipata.

Mjomba wako amekuwa mtu mkubwa. Hivi majuzi alileta watu niliokuwa siwajui, akasimama dirishani ananikonyeza nijilaze. Nikamwambia leo kiuno kinauma. Akasema, "Dada, dakika moja tu, wametoka mbali." Nikajilaza. Nikawa naona viatu vyao mlangoni, nasikia wanacheka. Siyo vibaya, wanacheka kwa kumfurahia mbwa. Lakini mwanangu, mtu mzima kulala chini ukitazamwa, unajisikia kama kitambaa kilichoanguka mezani. Nimemwambia sitaki tena, basi mjomba wako sasa anajilaza mwenyewe hukohuko karakana.

Karani mzima, kanenepa kwa mifupa ya bucha. Ila nakuuliza wewe uliyesoma: siku hizi akitoka kwangu kwenda barabarani, hasimami sana karakana. Mjomba wako hampi kitu tena, anasema aliyehitimu halipwi peremende. Akimvuta wakati ana wateja anamwambia ngoja. Juzi nilimwona anapita moja kwa moja mpaka kona. Mimi humkatia kidogo cha sahanini kwangu akirudi, usimwambie mjomba wako.

Na usimgombeze. Ni yeye anayenichotea maji na kunibebea majora ya vitambaa. Mdomo wake mkubwa lakini moyo wake haujanipungukia.

Sukari yangu iko sawa. Usiwe na wasiwasi na usije kuharibu mtihani kwa ajili yangu.

Mama yako


12 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kwa heshima zote, naomba usinichukulie vibaya.

Acha ule mpango wa bucha. Najua umeufanya kwa nia njema. Lakini sikiliza Karani anavyoelewa: kumvuta Mjomba hakuna kitu, kumvuta bwana wa bucha kuna mfupa. Yeye si mtumishi wa serikali, hajui kwamba mshahara wa pale ni wa kazi ya hapa. Anajua mahali palipolipa. Siku Mama atakapoanguka kweli, anaweza kwenda kumvuta mtu ambaye hajui maana yake.

Bado hujachelewa. Rudisha maini mfukoni. Mazoezi kila siku, wewe mwenyewe, nyumbani, bila watazamaji. Akikuvuta uache kila kitu, hata kama una wateja, hata kama anakuja rais. Na bwana wa bucha umweleze: akivutwa aproni asitoe mfupa, avuke akamtazame Mama. Mweleze hilo leo.

Mama anasema sukari iko sawa. Alisema hivyo pia mwezi wa pili, wiki ile uliyomkuta sakafuni, barua yake ninayo.

Mtihani ni mwisho wa mwezi wa saba. Mjomba, nikuulize kama mtu mzima kwa mtu mzima: unaweza? Kama kazi zimekuzidi si aibu. Niandikie neno "njoo" tu, nitafunga sanduku.

Mpwa wako


22 Mei

Kwako mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka fundi mwenzangu kauliza kama nimepata urithi.

Mtoto, nani kakwambia habari hizi? Maini yamo mfukoni hivi sasa ninavyokuandikia, ona hata karatasi imeingia mafuta. Mbwa analipwa kama waziri. Mazoezi asubuhi na jioni. Jana tu kanivuta nikiwa juu ya paa la ghala, kapanda ngazi ya chuma mwenyewe, ngazi ambayo hata vibarua wanapanda wakiomba dua. Bwana wa bucha nimemweleza yote, tena ameandika ukutani kwa chaki.

Kuhusu wateja, ni kweli nazungumza nao. Fundi asiyeongea anakula vyuma vyake. Lakini sikio moja liko ng'ambo daima.

Mimi ndiye niliyembeba mama yako mgongoni mafuriko yalipoingia nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka minane naye kumi na miwili, miguu yake ikiburuta majini. Kuniuliza kama naweza ni kunikosea adabu, ila nimekusamehe kwa kuwa unampenda.

Baki hukohuko. Rudi na cheti.

Mjomba wako,
Fundi Moto


28 Juni

Kwako mpwa wangu,

Umeondoka msibani bila kuniaga vizuri. Gari lilikuwa linakusubiri, naelewa. Watu walikuwa wengi na sote hatukuwa na nafasi ya kukaa. Nakuandikia ili tuelewane.

Nyumba nimeifunga. Cherehani nimeifunika kitambaa. Zile sare zilizobaki alikuja kuzichukua mama mmoja, nimempa.

Najua unaniangalia kwa jicho gani. Niliona pale kaburini. Lakini nataka ujue aliyetuangusha ni nani. Ni yule mbwa. Tumemlisha, tumemsomesha, nimetembea na ini mfukoni kama mwehu, na siku ya kazi akaenda kutembeza tumbo lake. Muulize bwana wa bucha, si mimi ninayesema. Karani alikuwa kwake asubuhi ile anamvuta aproni. Akapewa mfupa. Akauacha chini, akavuta tena. Akapewa mwingine mkubwa zaidi, wenye nyama. Huo nao hakuugusa! Kashiba mpaka anachagua! Yule bwana akachoka, akamfukuza na fagio, mbwa akakaa nje ya bucha anabweka mpaka wateja wakalalamika. Muda wote huo dada yangu yuko sakafuni. Aliyemkuta ni mteja aliyefuata gauni lake.

Na ujue siku hiyo mbwa alikuwa ameamka na wazimu wake. Asubuhi hiyohiyo alinichania ovaroli, mfuko mzima wa paja unaning'inia, mbele ya watu wazima waliokuja kuagiza geti. Aibu niliyoipata. Sikukwambia msibani kwa sababu haikuwa mahali pake.

Nimemfunga mnyororo nyuma ya karakana. Bwana mifugo anakuja wiki ijayo na sindano yake. Sifanyi kwa hasira, nafanya kwa sababu mnyama aliyekula mshahara na kukimbia kazi hafai kuachwa. Nimeona nikujulishe, maana alikuwa wako.

Pole mwanangu. Sote tumepoteza.

Mjomba wako,
Fundi Moto


6 Julai

Mjomba,

Nimeomba dereva wa gari la chakula akuletee hii mkononi. Msimamishe bwana mifugo. Kama ameshakuja, usinijibu kabisa.

Mtihani sifanyi. Wala sirudi nyumbani, hakuna wa kumrudia.

Umeniandikia kwamba Karani aliacha mifupa miwili chini. Mimi kazi yangu ni mbwa. Mbwa anayeacha mfupa wenye nyama na kuvuta aproni mara ya pili hakufuata mfupa. Alikuwa anaita mtu. Alikuwa anafanya kazi yake yote, mpaka alipofukuzwa kwa fagio, na baada ya fagio akabweka. Bwana wa bucha hakuelewa kwa sababu hakuna aliyemweleza. Nilimuuliza siku ya msiba, alikuwa analia. Hakuna chaki yoyote ukutani kwake.

Hilo ningeweza kulimeza. Ningesema Mjomba alikosea mpango, hakuwa na elimu, alikuwa na nia njema. Nilikuwa nimeshaanza kulisema.

Lakini ovaroli, Mjomba. Ovaroli ilichanika asubuhi hiyohiyo, kwenye paja, pale ulipomzoesha kushika. Wewe umeiandika kama kosa lake. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena.

Sitaki kusikia habari za mafuriko, wala daraja, wala samaki. Nijibu kitu kimoja. Karani alikuja kwako kwanza?

Na mpeleke kwa bwana wa bucha akae naye mpaka nipate mahali. Ameniomba amchukue. Usimfundishe kitu chochote tena.

Mpwa wako


15 Julai

Kwako mpwa wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeisoma hivyohivyo.

Bwana mifugo nilimrudisha njiani. Karani nimempeleka buchani kama ulivyosema. Nilipomfungua mnyororo nilidhani atanirukia au atakimbia. Hakufanya lolote, alinifuata tu. Bwana wa bucha amemtandikia gunia chini ya meza. Mimi hakunikaribisha kiti.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Moja niliandika kwamba mashine ilikuwa inanguruma, sikumwona. Nyingine niliandika nilikuwa juu ya ngazi na miwani ya kuchomelea usoni. Zilitoka vizuri, mpwa wangu. Ungeziamini, hata mimi nilianza kuziamini. Nimezitia kwenye moto wa karakana.

Alikuja kwangu kwanza.

Nilikuwa na wale watu wa geti. Mashine nilikuwa nimeizima ili wanisikie vizuri, maana nilikuwa nawasimulia jinsi Karani alivyomwokoa mama yako mwezi wa nne. Nilikuwa nimefika pale anapovuka barabara. Na yeye huyo, anavuka barabara. Mmoja akauliza, "Ndiye huyu?" Nikasema, "Ndiye mwenyewe, mtazameni." Akanishika ovaroli akavuta. Wakacheka. Nikasema, "Mnaona? Hata mazoezi hajaambiwa." Akavuta tena kwa nguvu, mfuko ukachanika, wakacheka zaidi, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Nikainua kidole nikamwambia, "Kaa!"

Akakaa, mpwa wangu. Mwili mzima unatetemeka, mate yanamdondoka, shingo imegeukia nyumbani kwa mama yako, lakini alikaa. Watu wakapiga makofi. Basi nikaendelea na hadithi, nikaifikisha mpaka mwisho, pale dada yangu anapozinduka na kuniuliza habari za viatu. Siku ile ya viatu ilikuwa nyingine, ila huwa naiweka hapo kwa kuwa inawachekesha.

Nilipomaliza ndipo nikamwambia Karani, "Haya, nenda kachukue mshahara wako."

Alikwenda mbio.

Mjomba wako